Fahali Aliyegeuzwa kwa Kidole

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kamera imefika. Moja. Wanafunzi wa sanaa Kidato cha Tatu tuko thelathini na wanne. Madam Bernadetha aliitoa kwenye boksi kama anavyotolewa mtoto kwenye beseni, akaivaa shingoni kwa mkanda wake, akatuambia tusogee nyuma. Tukasogea mbele.

Nimeipenda. Siandiki zaidi, maana mama hulisoma daftari hili nikiwa shule.

Kisha habari yenyewe. Kata ya babu, njia ya kwenda Nyamongo, inafanya maonyesho ya mifugo Jumamosi ya wiki ijayo, na shule yetu imeombwa kutengeneza bango. Kila mmoja apige picha ya mnyama, aipangie maneno kwenye kompyuta. Bango moja litashinda, litachapwa kubwa, litatundikwa uwanjani. Na aliyelitengeneza anakuwa mtunza kamera. Mwaka mzima! Anaivaa shingoni. Anapiga picha za mahafali ya Kidato cha Nne. Wikendi anaenda nayo kwao.

Sharti ni moja. Nyuma ya mnyama unaweza kusafisha unavyotaka, ila mnyama mwenyewe asiguswe. Pembe zisirefushwe, nundu isiongezwe. Wafugaji wanakuja kuona ng'ombe, hawaji kusikiliza hadithi. Atakayebainika amemgusa mnyama ataisikia kamera kwa jirani. Tumesaini wote. Mimi nimesaini kwa mwandiko mzuri kuliko wote.

Mpinzani ni Rahima peke yake. Baba yake, Mzee Saadi, ana studio ya picha za pasipoti hapa Bomani, pamoja na mashine ya kuchapa. Rahima amekua kati ya taa na kitambaa cha bluu. Mimi nimejifundisha mwenyewe, kwa simu ya mama yenye ufa katikati ya kioo. Lakini ufa nao ni mwalimu. Nina uwezo wa kupanga familia nzima pande mbili za ufa bila kumkata mtu.

Rahima amenifuata kuniuliza kama anionyeshe namna ya kushika kamera. Nikamjibu asante, najua. Ana roho nzuri. Hiyo ndiyo mbinu yake.

Jumanne, 6 Mei

Kila mtu amepewa dakika tano za kuijaribu kamera, kwa kufuata orodha. Orodha anayo kiranja wetu, Steven. Mimi nilikuwa wa ishirini na tisa. Kufikia wa ishirini na tisa betri itakuwa imekata roho.

Chapati mbili. Nikawa wa kwanza.

Nikaupiga mpera ulio nyuma ya ofisi ya walimu. Nikainama, nikapiga goti, nikalala chali. Darasa zima linanitazama mimi fundi. Picha kumi na mbili.

Zote nyeusi. Madam akaniuliza kwa upole kama huwa nafungua macho nikitaka kuona. Mbele ya lenzi kulikuwa na kifuniko. Aliyefuata ni Rahima. Akakitoa kifuniko, akapiga mpera, mpera ukaonekana. Na wote waliomfuata wakakitoa. Kwa hiyo leo mwalimu wa darasa nilikuwa mimi, na hakuna aliyeshukuru.

Nimemwomba Steven anirudishe kwenye namba yangu. Anasema chapati zimeshaliwa na hazina njia ya kurudi.

Jumatano, 7 Mei

Nadharia. Kuna mambo mawili.

La kwanza, nafasi tupu. Madam anasema bango zuri huacha sehemu bila kitu, jicho lipumzike. Nikauliza kama huo si uharibifu. Kijijini kwa babu, ukiacha nafasi tupu, Mzee Joram anapanda mihogo. Mzee Joram ni jirani yake. Wamegombea mpaka mmoja tangu kabla mama hajazaliwa, na kila asubuhi wanakunywa uji wa ulezi pamoja, kwenye mpaka huohuo, kila mmoja akikalia kigoda chake upande wake.

La pili, macho. Mnyama kwenye bango aangalie ndani, yaliko maneno. Akiangalia nje, msomaji naye ataangalia nje. Madam akamwambia Steven asimame mbele ya darasa na atazame dirishani. Sote tukageuka dirishani. Mwalimu wa zamu alikuwa anakimbizana na mbuzi aliyebeba daftari la mahudhurio mdomoni. Hatukurudi kwenye somo tena, lakini kanuni imeingia.

Jumamosi, 10 Mei

Kwa babu. Nimekuja na simu ya mama, kwa masharti kumi na moja, la mwisho likiwa nisiiache karibu na kitu chenye ulimi.

Rahima nasikia anapiga ndama. Wengine wote mbuzi na kuku. Mimi nina Meneja.

Meneja ni fahali wa babu. Mweusi, ana baka jeupe ubavuni kama ramani ya nchi ambayo haijapata uhuru. Aliitwa Meneja kwa sababu anakula, anazunguka, anatazama wengine wakilima, na akikohoa wote wanasimama. Hakuna kama yeye kutoka hapa hadi Mbalibali. Hilo kasema babu, ambaye Mbalibali alifika mara moja, tena kulikuwa na ukungu.

Babu nimemwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mama. Nina jina la mama yake mzazi, Boke, kwa hiyo babu Kisyeri ananiita mama. Ni faida kubwa. Hata nikimuudhi vipi, lazima agombe kwa heshima.

Nikamweleza kuhusu bango. Akafurahi mpaka akatafuta kofia. Alikuwa na ombi moja tu: sikio lionekane. Ng'ombe wetu wote wana pengo kwenye sikio la kushoto. Wa Mzee Joram wana pengo lilelile, sikio la kulia. Ndivyo baba zao walivyokubaliana walipoanza kuchunga pamoja, na hapa mtu anaweza kusahau jina la shemeji yake lakini si sikio. Nikamwambia babu asiwe na wasiwasi. Sikio litaonekana kuliko uso.

Kazi yenyewe. Meneja hainui kichwa. Nikaita, nikapiga mluzi, nikapiga sufuria. Nikaweka chumvi juu ya kisiki ili ainue kichwa. Akailamba chumvi. Akalamba kisiki. Nikasogea karibu kupata mwanga wa jichoni, akalamba simu. Sharti la kumi na moja limevunjika saa nne na dakika tano.

Nikataka ageuke, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na choo na bukta ya babu kwenye kamba. Babu akavuta. Baba mdogo akasukuma. Kamba ya katani ikalalamika. Meneja akabaki vilevile, anaangalia kushoto, anatafuna.

Ndipo mtamba wa Mzee Joram akapita barabarani.

Kichwa juu! Kifua mbele! Pembe, mwanga, sikio, kila kitu. Nikabonyeza. Sijawahi kupiga picha kama ile. Hata ufa wa kioo uliona aibu.

Jumatatu, 12 Mei

Kompyuta za shule ni mbili. Moja inataka nywila, na nywila aliondoka nayo mwalimu aliyehamia Mugumu. Kwa hiyo moja.

Nimefuta choo. Nimefuta bukta. Meneja sasa amesimama peke yake juu ya kilima kama aliyekijenga. Maneno: KARIBU MAONYESHO YA MIFUGO. Nimeacha nafasi tupu ya kutosha mihogo ya Mzee Joram yote.

Shida ikaja hapa. Rahima ndama wake kamweka kulia, maneno kushoto. Basi mimi lazima fahali akae kushoto, maneno kulia, watu wasije wakasema nimeiga. Lakini Meneja anaangalia kushoto. Kwa hiyo amewapa maneno makalio, anatoka nje ya bango kama mgeni aliyesikia pilau limeisha.

Rahima akachungulia. Akasema, kwa sauti ileile ya roho nzuri, nimhamishie tu fahali upande wa kulia, ataangalia maneno.

Ulikuwa ushauri sahihi kabisa. Ndiyo maana nisingeweza kuufuata.

Nikamjibu nina njia yangu. Sikuwa nayo. Nikazungusha kishale juu ya vitufe kama mtu anayetafuta taa ya chumba kigeni, na pale juu nikaiona: pembetatu mbili zilizopeana visogo. Nikabonyeza.

Meneja akageuka. Amegeuka mwenyewe, mzima mzima, anaangalia maneno utafikiri anataka kuyasoma. Fahali ambaye wanaume wawili na kamba ya katani walishindwa kumgeuza, mimi nimemgeuza kwa kidole.

Je, nimemgusa mnyama? Nimelifikiria suala hili kwa uaminifu, karibu dakika nzima. Pembe ni zilezile. Nundu ileile. Mtu akigeuka si yuleyule? Nimelipeleka.

Jumanne, 13 Mei

NIMESHINDA.

Mkuu wa shule, Mwalimu Nelson, kachagua mwenyewe. Kasema katika miaka yake yote hajaona ng'ombe mwenye kupenda elimu kama huyu. Rahima ni wa pili. Alipiga makofi wa kwanza, na alinyamaza wa mwisho. Kila mara mbinu mpya.

Kamera nitakabidhiwa Jumamosi, uwanjani, mbele ya mgeni rasmi kutoka wilayani.

Jioni nimefanya mazoezi ya kuivaa. Nimefunga kufuli la stoo kwenye mkanda, nikalitundika shingoni, nikatembea kutoka jikoni hadi mlangoni kwa mwendo wa mpiga picha. Mama kaniuliza nani kanifungia na ufunguo anao nani.

Jumatano, 14 Mei

Bango limechapwa kwa Mzee Saadi. Mita tatu! Pua ya Meneja peke yake inanitosha kujifunika.

Mzee Saadi akanitahadharisha. Binti yangu, kasema, kitambaa hiki ni chepesi, ndicho shule ilichokiweza, wino umepenya. Nyuma picha inaonekana kama mbele. Nikamwambia hamna neno mzee wangu, nani huwa anatazama nyuma ya bango?

Ijumaa, 16 Mei

Tumekwisha.

Bango limetundikwa uwanjani tangu jana jioni. Leo saa sita, nimerudi nyumbani kula, babu kapiga simu ya mama. Hakuniita mama. Ameniita Boke.

Nimefika kwa bodaboda baada ya masomo, na simu ya mama mfukoni. Uwanja umejaa wazee kabla ya maonyesho yenyewe. Hakuna anayesoma maneno. Wote wako upande wa sikio.

Sikio la kulia. Pengo liko sikio la kulia. Nimemgeuza Meneja na sikio likageuka naye!

Na chini ya pua ya Meneja, amevaa koti la Krismasi, alisimama Mzee Joram akipokea pongezi. Na analia. Analia kwa furaha, machozi yanashuka, anapangusa kwa kofia.

Naandika mambo kwa mpangilio, maana kichwa kinazunguka. Miaka minne iliyopita, ng'ombe wa Mzee Joram alizaa mapacha. Babu akabadilishana naye, akatoa mtamba, akachukua pacha mmoja. Huyo ndiye Meneja. Pacha wa pili akabaki kwa Mzee Joram, akatiwa pengo sikio la kulia, na kabla hajaota pembe akapotea malishoni. Mzee Joram alimtafuta wiki tatu kwa miguu, mpaka viatu vikamwacha yeye.

Sasa anaona picha ya serikali, mita tatu. Fahali mkubwa, mweusi. Baka ubavuni, lakini ubavu wa upande mwingine. Pengo sikio la kulia. Si Meneja huyu. Ni pacha! Yuko hai! Na aliyempiga picha ni nani? Mjukuu wa Kisyeri. Kampigia wapi? Nyumbani kwa Kisyeri.

Mzee Joram hajakasirika hata kidogo. Ndiyo mbaya zaidi. Amemkumbatia babu, akamwambia mura, ndugu yangu, umemtunza vizuri, sasa mlete. Babu anasema hana fahali wa pili. Wazee wanasema Kisyeri, bango hilo hapo, unabishana na bango? Mmoja akauliza kwa nini kilima cha kwenye picha hakina choo wakati kila mtu anajua choo cha Kisyeri kiko pale. Mwingine akajibu, ndiyo hivyo, alimficha mahali pengine.

Choo nilikifuta mimi.

Uamuzi: kesho saa mbili, kabla mgeni rasmi hajafika, babu amlete pacha. Asipomleta, Meneja ataingia zizi la Mzee Joram mpaka pacha apatikane.

Babu hajala. Amekaa na Meneja zizini, anamkuna shingo. Kaniuliza taratibu, mama, ulimpiga huyuhuyu? Nikasema ndiyo babu. Akasema basi Mungu anajua. Mungu, mimi, na kitufe.

Nikisema ukweli, nimemgusa mnyama, kamera inakwenda. Nikinyamaza, Meneja anakwenda. Mtu wa kawaida angechagua kimoja. Mimi nimefikiri mpaka kuku wakapanda kulala, na nimekumbuka maneno ya Mzee Saadi. Wino umepenya.

Jumamosi, 17 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa uwanjani na kigoda cha babu. Nikafungua kamba za bango ili nilitundike nyuma mbele. Upande mmoja ukafunguka, ukanifunika. Nikawa napigana na fahali wa kitambaa, gizani mwa tumbo lake, aliponishika mtu bega.

Rahima. Amekuja mapema na baba yake kuweka meza ya picha. Akatazama. Akasema, Boke, maneno yatasomeka kinyume. Nikamwambia watu wa hapa hawaji kusoma. Akashika ncha ya pili, akafunga, fundo zuri kuliko langu. Hata hakuuliza. Huyu mtu ni hatari.

Tukarudi nyuma kutazama. Pengo, sikio la kushoto. Baka, ubavu wa kushoto. Meneja mtupu! Amesimama upande wa kulia wa bango, anaangalia maneno yaliyo kushoto. Kama Rahima alivyoshauri Jumatatu. Hakusema kitu kuhusu hilo. Nilimsikia asivyosema.

Saa mbili wazee wakafika. Babu akaja na Meneja kwa kamba, au Meneja na babu, haikuwa wazi nani kamleta nani. Wakamsimamisha kando ya bango. Wakatazama sikio la ng'ombe. Wakatazama sikio la bango.

Kushoto na kushoto.

Jana wazee kumi na wanne waliona kulia. Leo hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuwa mtu wa kwanza kuharibikiwa macho. Mmoja akakohoa, akasema yeye tangu jana aliona kushoto, alinyamaza tu. Wa pili naye, kushoto, ila alikuwa mbali. Wa tatu akasema jua lilikuwa linampiga, lakini moyoni ilikuwa kushoto. Ndani ya dakika mbili mwenye kulia alibaki Mzee Joram peke yake, na wanamwambia aende hospitali akapimwe macho, miwani siku hizi si aibu.

Babu alicheka. Babu alinunua soda. Meneja akakojoa kwa amani.

Mzee Joram akavua koti la Krismasi, akalikunja, akaliweka kwapani. Akasema polepole, basi nimempoteza mara ya pili. Akaenda kukaa mwisho wa uwanja.

Sikujisikia vizuri. Lakini boksi la kamera lilikuwa mezani tayari, na mkanda ulikuwa unaning'inia.

Saa nne mgeni rasmi akaingia. Mama mrefu, kanga begani, miwani. Akasimama mbele ya bango. Akainamisha kichwa kulia. Akainamisha kushoto. Akamuuliza Mkuu wa shule hii ni lugha gani. Mkuu akatabasamu kama mtu aliyekanyaga moto ugenini. Madam Bernadetha akasema samahani mheshimiwa, limetundikwa vibaya, akamwambia Steven aligeuze haraka.

Nikashika kamba.

Steven akavuta. Nikavuta. Nikasema upepo utalichana. Hakukuwa na upepo. Nikasema mheshimiwa, kinyume ni mtindo wa kisasa. Mheshimiwa akaonekana kulifikiria. Steven akavuta tena, na kwa sababu fundo langu ndilo lilikuwa baya, likafunguka.

Bango likageuka mbele ya kata nzima. Sikio likatoka kushoto, likapita hewani, likatua kulia.

Mzee Joram aliruka kutoka mwisho wa uwanja kama kijana wa ngoma. "Nani anapimwa macho? Nani?" Wale kumi na watatu wakaanza kusema wao tangu jana waliona kulia. Babu akaangusha soda. Wakaanza kumvuta Meneja, kamba huku na kamba huku, na Meneja katikati anatazama kama msimamizi wa mtihani.

Ndipo nilipopanda kwenye kigoda na kusema ni mimi.

Hawakuelewa. Mtu anamgeuzaje ng'ombe kwa kidole? Ikabidi nichukue simu ya mama, nimpige Meneja palepale, niwaonyeshe. Nikabonyeza. Sikio kulia. Nikabonyeza. Sikio kushoto. Wazee wakavuta pumzi kwa pamoja. Mmoja akasema rudia. Nikarudia. Rudia tena.

Kisha wakataka wageuzwe wao. Nikamgeuza babu, fimbo ikahamia mkono wa kushoto, akasema ndiyo maana siku hizi inamchosha. Mwenyekiti wa kijiji ana jino la dhahabu upande mmoja. Nikalihamisha. Akataka libaki huko. Mgeni rasmi alisubiri zamu yake kwenye mstari kama watu wote.

Mzee Joram akasubiri wapungue. Akaniuliza, mjukuu wangu, kwa hiyo wangu hayumo humo ndani? Nikasema hayumo, babu. Akatikisa kichwa. Babu Kisyeri akasikia. Akasogeza kigoda karibu naye, kikavuka mpaka usioonekana, akasema mura, yule mtamba wako aliyepita siku ya picha, Meneja hajamsahau. Mlete. Na ndama atakayezaliwa, pengo kulia. Mzee Joram akavaa koti lake tena.

Imebaki kamera. Madam akaitoa karatasi yenye saini yangu nzuri. Mnyama asiguswe. Nikamwambia Madam, sikumgusa mnyama, niligusa kitufe. Wazee wakacheka. Madam hakucheka. Akachukua mkanda, akamvika Rahima.

Makofi. Nilipiga wa kwanza. Nimeona kwake jinsi inavyofanywa.

Bango lilizua ubishi mpaka jioni. Mwisho wakakubaliana ligeuzwe kila baada ya saa moja: saa moja ya wanaosoma, saa moja ya wanaojua ng'ombe.

Jumatatu, 19 Mei

Rahima amemwomba Madam apewe msaidizi, na msaidizi awe mimi. Kasema mtu aliyeweza kumfanya fahali ainue kichwa atawaweza hata Kidato cha Nne. Sikumwambia kwamba kazi ile aliifanya mtamba. Bado natafuta hila yake iko wapi. Sijaipata, maana yake ni kubwa sana.

Msaidizi habebi kamera. Anabeba stendi. Lakini anakaa kwenye kompyuta.

Nimeyatafakari ya wiki hii kwa unyenyekevu. Nimejifunza jambo moja, nalo nitalishika maisha yangu yote: kabla ya kugeuza, chunguza masikio.

Leo kazi ya kwanza, kadi za mahafali. Rahima kampiga Mkuu wa shule mbele ya lango, tai nyekundu, kifua mbele, na juu ya kichwa chake kibao chenye jina la shule, herufi zimetoka safi sana, unaweza kuzisoma kutoka Sirari. Kisha kaenda kuswali adhuhuri, akaniachia nipange maneno. Mzee Saadi anachapa saa nane kamili. Nakala mia tatu.

Tatizo ni moja. Mkuu nimemweka kushoto, na anaangalia kushoto. Anatoka nje ya kadi.

Kitufe kiko palepale. Nimemkuza Mkuu mpaka akajaa kioo kizima. Nimechunguza sikio la kulia. Nimechunguza sikio la kushoto. Hana pengo popote.

Nimebonyeza.